Mgeni wa Jumapili

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, nisalimie Baba, maana najua ameshakuuliza barua ni ya nani. Mguu wake unaendeleaje? Na wewe, kifua kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili.

Uliniuliza kwa nini nimeahirisha likizo, ukanitania kwamba huenda nimeoa kimyakimya. Laiti ingekuwa hivyo. Ni kwa sababu ya yule mzee ninayemtunza, fundi cherehani mstaafu aliyeanza kusahau.

Nilipoanza kazi, binti yake aliniagiza nimuulize kila asubuhi, kwa Kihispania chao, anaishi wapi. Hakutaka anwani imtoke kichwani, ili siku akipotea aweze kurudishwa.

Swali lenyewe nilijifunza kwa muuza mkate wa hapa chini, mama mcheshi tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alinifundisha kusema “¿Dónde vives?” Nikapanda ngazi na maarifa yangu mapya. Mzee akanitazama kama mtu aliyeingia chumbani bila hodi, akaendelea kukunja leso yake. Jioni binti alicheka mpaka akashika meza. Alinieleza kwamba hivyo huulizwa rafiki, ndugu au mtoto; mzee au mgeni huulizwa “¿Dónde vive usted?” Sisi heshima tunaitanguliza kwenye maamkizi. Wao, hata kumuuliza mtu anakoishi, lazima uamue kwanza yeye ni nani kwako. Nilipomlaumu Redio, alinijibu kwamba yeye hana muda wa adabu, mikate inapoa.

Kesho yake niliuliza kwa heshima. Mzee akafunga kifungo cha shingoni, akaketi wima, akataja mtaa, nyumba na ghorofa kama aliye mbele ya hakimu. Ikawa hivyo kila asubuhi. Baadaye akaanza kunigeuzia swali, na siku moja aliniuliza kwa ile namna ya Redio, shati wazi, mkono begani mwangu, akisema nimekonda na watu watadhani ananinyima chakula. Nilifurahi, Dada, sikufichi.

Jumapili ya tarehe 9 binti alikuja na supu, kama kawaida yake. Baba yake alisimama. Akafunga kifungo cha shingoni, akamvutia kiti. Kisha akamuuliza, “¿Dónde vive usted, señora?”

Sikujua nitazame wapi. Binti aliweka sufuria mezani taratibu. Nilidhani atamwambia kuwa ni yeye, mwanawe. Badala yake akajibu kwa heshima ileile kwamba anaishi upande wa pili wa mji, hupanda mabasi mawili. Mzee akampa pole ya safari, akamwambia kwa upole asijisumbue tena kuja. Binti akashukuru.

Baadaye nilimkuta ameketi kwenye ngazi, koti limemfunika magoti. Aliniambia kwamba maisha yake yote baba yake alikuwa akimwita kwa mluzi tu, bila kuinua macho kwenye cherehani. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza amvutie kiti. Akaniomba nisiondoke, kwa kuwa ni mimi pekee niliyebaki ambaye mzee hamfungii kifungo cha shingoni.

Na hili ndilo nililoshindwa kulisema kwenye simu: nimemkubalia. Si likizo tu niliyoiacha. Nitakaa hapa mpaka mwisho wa mzee. Najua Baba ananisubiri, najua na wewe umechoka kumuuguza peke yako. Mwambie wewe, Dada, kwa maneno yako.

Msalimie kila anayeniulizia, na watoto uwabusu. Fedha za dawa nitatuma kama kawaida. Jana binti alikuja tena. Alibisha mlango ambao ufunguo wake anao mfukoni, akangoja. Nilimfungulia, nikamtambulisha kwa mzee kuwa ni mama mmoja anayetuletea supu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Msumari