Jibu Lililokuwa la Devota

Mama Devota wangu,

Uniwie radhi kwa kimya hiki cha miezi mitatu. Nilikuwa na aibu, nawe wajua kwamba nikiwa na aibu hushindwa hata kuitazama picha yako.

Binti yetu amehitimu uhandisi. Katika juma moja aliitwa kazini mara mbili. Kwanza na kampuni kongwe ya Kigali yenye mshahara wa kila mwezi, matibabu, na gari la kumchukua asubuhi. Kisha na wenzake watatu wa chuoni, waliopanga chumba nyuma ya duka la nafaka katika mji mdogo wa Mahoko. Wanatengeneza masanduku ya baridi ya kubebea samaki, na mshahara ni pale watakapouza. Devota alisema anaomba siku tatu za kufikiri.

Mimi sikuzingoja. Nilivaa koti, nikakaa mezani, nikaiandikia kampuni kongwe kwa mwandiko ule tuliofundishwa na mapadre: familia yetu inaipokea nafasi hii kwa shukrani. Nikaituma barua kwa basi la asubuhi. Niliona ni adabu tu. Mtu akikupa, si unamshukuru kabla hajakupa kisogo?

Kampuni ikampigia Devota kumpongeza. Alikuja jikoni na simu mkononi, wala hakupaza sauti. "Baba, umenijibia." Kisha akasema, "Kama ulivyomjibia Mama."

Sikujua kwamba alikumbuka. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, ameketi juu ya gunia la unga, siku jirani yetu Mama Zaituni alipokuja kukuomba mfungue pamoja tanuri la mikate karibu na Petite Barrière, pale mpakani pa kuvukia kwenda Goma. Wewe ulikuwa na kazi ya uhakika jikoni kwa masista. Kabla hujafumbua kinywa, nilimshukuru na kumwambia kuwa haitawezekana. Akacheka: "Mwalimu, we unaogopa hata moshi ya mukate." Wewe ulisema tu, "Sawa, Mwalimu," ukaendelea kukanda. Siku hiyo ulikanda muda mrefu mno.

Mama Zaituni alilifungua tanuri peke yake, na baada ya miaka miwili likafungwa. Nisamehe, mke wangu; habari ile karibu inifurahishe. Nilikuja nikakwambia, "Unaona?" Ukanijibu bila kuinua macho: "Ningependa kulifunga mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii, na nimelielewa tu pale jikoni, wewe hupo tena wa kuombwa radhi.

Kesho yake nilipanda basi hadi Kigali. Nilimweleza ofisa wa kampuni kwamba barua ile ilikuwa yangu, na jibu bado lilikuwa la binti yangu. Akaniuliza: "Mzee, baba za watu huja hapa kuomba kazi. Wewe umekuja kuirudisha?" Nikamjibu kuwa sirudishi kazi, narudisha jibu. Aliahidi kumngojea, naye Devota akazipata siku zake tatu, kamili. Sikumuuliza neno. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusahihisha madaftari ya darasa zima.

Siku ya nne aliamka mapema, akaenda Mahoko.

Sanduku la kwanza walimpa Mama Zaituni ili alijaribu. Siku hizi anavusha sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kwenda Goma. Jioni alipita hapa na kunitangazia mlangoni: "Sanduku yenu inavuja, Mwalimu. Lakini samaki iko baridi." Devota alicheka, kisha akaketi kukifungua kifuniko. Anakanda mpira wa kuzuia maji kama ulivyokuwa ukikanda unga, kwa kiganja, mabega yameinama. Ilinibidi nitoke nje kidogo.

Sijui kama kazi hii itasimama. Bado naogopa, nakiri. Ila nakuahidi jambo moja: ikisimama, sitasema kuwa nilimruhusu. Ikianguka, atakuta chai mezani, na neno lile la "Unaona?" halitatoka tena kinywani mwangu.

Pumzika, mama wa mtoto wangu. Ulistahili kuulizwa.

Mumeo,
Mwalimu