Kipa Tuliyemtoa

Ng'ambo, Unguja
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu Bi Mwanaidi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma imekufaa, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na mama mkubwa, kifua chake kimetulia? Nasikia mvua huko Pangani zimechelewa. Huku zimekuja kwa fujo, na njia ya kupita kwetu imekuwa tope tupu kwa sababu ya malori yanayobeba kokoto za majumba mapya ya ghorofa. Mimi mwili wangu mzima.

Shomari yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usikie mengine ukiwa umekaa. Kama anayekusomea ni mtu wa jirani, mwambie asimame hapa, umwite kaka Saidi aendelee yeye. Haya si ya kusikiwa na kila mtu.

Mwanao amelazwa hospitali. Mkono wake wa kulia umeoza, na daktari anataka kukata vidole viwili ili kuuokoa mkono wenyewe. Shomari amekataa. Anasema mpaka mama yake aje. Yaliyomfikisha hapo nimeyafanya mimi, Dada, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mwingine.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba amekuwa kipa wa timu yetu ya mtaa. Sikukuandikia jinsi mimi nilivyonufaika. Miaka tisa nimekaa hapa nikiitwa "yule mshona viatu wa Mrima," mgeni tu wa pwani ya bara. Hata watu ninaowashonea viatu pale kibarazani Mji Mkongwe hawakujua jina langu. Shomari alipoanza kudaka, nikawa Mjomba. Nikipita barazani, mtu ananisogezea nafasi. Muuza kahawa ananimiminia kabla sijaketi. Watu wazima wananiuliza, "Mjomba, Jumapili tutapona?" Nami najibu kana kwamba mikono inayodaka ni yangu. Nilionja heshima, Dada, ikanilevya.

Basi kama mwezi mmoja uliopita, pale ghalani bandarini anakopakia karafuu, gunia liliteleza likaubana mkono wake kwenye chuma cha gari. Vidole viwili vilivunjika na ngozi ikachanika. Alikuja nyumbani ameufunga kwa shati lake, jasho linamtoka. Akasema, "Mjomba, twende hospitali."

Nikamwambia, "Hospitali watakufunga plasta wiki sita. Mashindano yamebaki mechi nne. Twende kwa fundi wa kuunga mifupa, akufunge vizuri, udake hizo nne, kisha utapumzika. Na usimwambie mtu."

Hayo ni maneno yangu, sikuyapunguza. Yeye alikuwa mlangoni, tayari kwenda hospitali. Akarudi ndani.

Fundi alimfunga, naye akadaka amezungushia kitambaa cheusi mkononi. Mwanzo wa mechi alikuwa anajitahidi, anapangua kwa ngumi ya kushoto, anazuia kwa kifua, watu hawatambui kitu. Lakini kadiri saa ilivyokwenda mkono ulijaa, na robo ya mwisho ulikuwa umekufa ganzi. Mechi ya kwanza tulikuwa mbele moja bila. Ukaja mpira dhaifu ambao wewe ungeudaka kwa pindo la kanga, ukampita. Tukatoka sare. Mechi ya pili tulifungwa mwishoni kabisa. Ya tatu, vivyo hivyo. Nilikuwa nasimama nyuma ya goli nikimwona anauma meno, na kila tulipofika nyumbani namwambia, "Bado kidogo."

Mechi ya nne ilikuwa Jumapili iliyopita. Ijumaa, baada ya sala, mashabiki wakaitana uani kwa Mzee Mshenga, mwenyekiti wetu, kuamua kama kipa abadilishwe. Asubuhi ile Shomari alikuwa ameniambia, "Mjomba, leo nnakwenda kuwaambia. Siwezi tena." Nikamwambia, "Wewe huwezi kusimama mbele ya wakubwa ukajieleza. Nitawaambia mimi." Akanishukuru, Dada. Akasema, "Ahsante, Mjomba."

Uani palijaa. Aliyeanza ni Makame, mwenye gari la ng'ombe, ambaye hakosi mechi hata moja. "Mie nshasema toka mechi ya pili. Atoke! Kipa gani huyu, anadaka vizuri, ikibaki robo anakuwa kama kafungwa kamba?"

Bi Zuhura, muuza mihogo, akainuka. "Nyie mna maneno! Alipodaka penalti mbili siku moja si ninyi mlombeba mabegani? Makame, wewe ulikuwa umeshika mguu wake. Kijana kaingiwa na hofu tu. Mwacheni adake hii moja, atatulia."

"Bi Zuhura, hii moja ndiyo ya mwisho! Tukifungwa tumekwisha. Atatulia lini?"

"Basi nani? Haji? Haji hata mwamba wa goli haufikii!"

"Mfupi, lakini mikono yake inashika."

Haji ndiye kipa wa akiba, kijana mwashi kwenye yale majumba mapya. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Akasema kwa upole, "Mie sitaki kuingia kwa njia hii. Mwiteni mwenyewe aulizwe. Mtu hapotezi mikono yake kwa mwezi mmoja bila sababu."

"Aulizwe nini?" Makame akapiga kelele. "Sababu tunaijua. Kauza mechi! Mara tatu, zote mwishoni? Na kile kitambaa cheusi ni ishara yake kwa hao waliomnunua."

Pakawa hapasikilizani. Mmoja anasema kitambaa ni hirizi iliyomgeukia, mwingine anaapa kwamba kamwona Shomari akizungumza na watu wa timu iliyotufunga pale bandarini. Bi Zuhura analia kwa hasira. Mzee Mshenga akagonga bakora yake chini mpaka wakanyamaza, akanigeukia mimi.

"Mjomba, wewe unalala naye chumba kimoja, unakula naye sahani moja. Kijana ana nini?"

Dada, jibu lilikuwa maneno mawili tu. Kavunjika mkono. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliona swali litakalofuata: nani alijua, nani alimwambia afiche? Niliona nyuso zile zote, watu waliokuwa wananisogezea nafasi barazani. Nikasikia sauti yangu inasema, "Hata mimi simwelewi. Mtoeni."

"Mmesikia?" Makame akasema. "Mjomba wake mwenyewe!"

Hapo Bi Zuhura akasema polepole, "Shomari yule pale." Alikuwa amesimama nje ya ua wa makuti, penye mwanya. Sijui alisimama tangu lini. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayengoja nimalize kusema, kwamba kuna maneno yamebaki. Mimi nikatazama chini. Nilipoinua uso, hayupo.

Hakurudi nyumbani. Jumamosi nilizunguka bandarini, nikauliza mtaani Malindi, nikaenda hata hospitali, hayupo. Nilikuwa nikiulizwa "umempoteza nani?" nashindwa kusema mpwa wangu.

Aliyempata ni Haji. Jumapili, siku ya mechi, siku ambayo yeye ndiye angesimama golini, alipanda lori akaenda shamba, Kizimbani, kwa sababu alijua Shomari ana rafiki anayefanya kazi kwenye vitalu vya miche ya mikarafuu. Alitaka kumwambia uso kwa uso kwamba hakuiomba nafasi ile. Akamkuta kwenye mkeka, homa inamtetemesha, mkono umevimba mpaka kiwikoni na unanuka. Yule rafiki alikuwa akimbembeleza aende kwa daktari, yeye hataki kurudi mjini. Haji akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la karafuu. Timu ilimngoja, ikamweka beki golini, ikafungwa. Sijauliza ngapi.

Kutoka hospitali Haji akaja moja kwa moja kwangu, shati lake limeloa.

"Mjomba, ulijua?"

"Nlijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliniambia kitanda cha Shomari ni cha tatu kutoka mlangoni, akaondoka.

Jumatatu nilikwenda uani kwa Mzee Mshenga nikawaambia wote, tangu gunia mpaka siku ile. Makame alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kichwa mikononi. Mzee Mshenga akasema, "Rajabu, nenda nyumbani." Ni mara yangu ya kwanza kusikia jina langu hapa, na sikutaka kulisikia. Bi Zuhura aliinuka akaenda hospitali. Tangu siku ile ndiye anayempelekea mwanao uji asubuhi na jioni, maana kwangu hapokei hata maji.

Leo daktari aliniita pembeni. Anasema sumu inapanda. Vidole viwili vikikatwa sasa, mkono utabaki na atafanya kazi, ingawa kudaka ndiyo basi. Ikipita Jumatatu, hatajua tena akate wapi. Nilimpigia Shomari magoti, Dada, mbele ya wagonjwa wenzake. Aligeukia ukutani. Nikamuuliza, "Basi nimwandikie mama yako nini?"  Akasema bila kugeuka, "Mwambie sikuuza mechi."

Nimemwambia kwamba mtaa mzima sasa unajua hakuuza. Akasema, "Mama mwambie wewe."

Basi nakwambia. Mwanao hakuuza kitu. Mimi ndiye niliyemuuza yeye.

Njoo, Dada. Barua hii anakuletea Bwana Athumani, jirani yangu, anayepanda meli ya Tanga kesho, na nimemwomba aje nawe akirudi. Nauli yako ninayo, usihangaike. Goti likikukatalia, basi kaka Saidi aje badala yako na neno lako, na likutoke mdomoni mbele ya Athumani: "Shomari, kubali." Neno langu mimi halimfikii tena.

Msalimie kaka Saidi, na umwambie atakayotaka kunifanyia nitayapokea. Msalimie mama mkubwa, lakini yeye mwambie tu mjukuu wake ana homa. Asha, dada yake Shomari, anaweza kuambiwa yote. Ni mkubwa sasa, na kaka yake amemtaja mara mbili katika homa. Uniombee kwa Mungu kama bado moyo wako unaweza.

Ukifika, usipite kwangu kwanza. Nenda hospitali. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni.

Ni mimi Rajabu, mdogo wako uliyemkabidhi mtoto.