Buti Likizama

Silverton, 9 Mei

Dada Lorna,

Mbwa wenu anakula vizuri sasa, ila bado analala mlangoni akimngoja Curtis.

Umeuliza mumeo alikosea wapi. Theluji ya Aprili unaijua: buti likizama hadi kifundo cha mguu, jua limeshailainisha, watu wanarudi nyumbani kabla haijaporomoka. Saa nne asubuhi, tukiwa juu mlimani, Curtis alivua skii zake za kutelezea, akakanyaga, buti likazama.

"Shemeji, tushuke kwa njia ya msituni."

Nikamcheka. "Tangu umwoe dada yangu umekuwa mwoga."

Alivaa tena skii, akatangulia kwenye mteremko wa wazi, na theluji yote ikaporomoka naye.

Waokoaji niliwaambia yeye ndiye aliyeng'ang'ania kupita pale.

Mbwa nitamleta Jumapili. Usipotaka kuniona, nitamfunga getini hapo kwa mama unakokaa, niondoke.

Mdogo wako,
Wade