Kipande cha Kijani

Ilagala, Kigoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua za Tukuyu zipungue. Mama je, bado anawahi shambani kuchuma chai? Mimi ni mzima, ingawa chumba nilichopanga kinanuka dagaa hadi ndani ya sanduku la nguo.

Nilipokueleza kazi yangu kwa simu ulicheka: "Shahada nzima, mama, kwenda kupaka rangi vijiti?" Naomba kukujibu kwa heshima.

Nilikata matete ya kufundishia hesabu kando ya Mto Malagarasi, nikaomba mabaki ya rangi kwa mafundi wa mitumbwi. Kila urefu una rangi yake: kipande cheupe ni moja, chekundu ni mbili, cha kijani ni tatu, hadi cha njano ambacho ni kumi.

Katika darasa langu la kwanza yumo Ines, binti wa familia iliyotoka Burundi. Kiswahili bado kinamtatiza. Akiulizwa hesabu hunyamaza. Mwalimu Mkuu alikusudia kumrudisha darasa la awali, nami nikamsihi ampime kwanza kwa vipande vyangu.

Ijumaa Mwalimu Mkuu akaja darasani. Akalaza cha njano mezani, na chini yake cha bluu, yaani saba. "Haya bibi, jazia hapo."

Ines akatafuta kwenye kopo la vipande. Akamwaga vyote, akatafuta tena.

"Si nilisema hajui!" mwanafunzi mmoja akanong'ona.

Ndipo Ines akachukua chekundu na cheupe, akavipanga mbele ya kile cha bluu. Vikalingana na cha njano barabara.

"Mbona viwili?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Cha kijani hakipo. Hivi vikikaa pamoja, ni cha kijani."

Mwalimu Mkuu akatazama mkono wake. Alikuwa akikizungusha kile cha kijani vidoleni tangu aingie! Darasa likaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. "Abaki, Mwalimu. Tena umkalishe mbele."

Baba, jumla ile sikuwahi kumkaririsha. Aliiona kwa macho yake, na mimi nilibahatika kuwepo.

Nisalimie Mama, Bibi mzaa baba, na wifi yangu aliyejifungua. Mwambie mtoto nitamletea vipande vyake.

Jana Ines aliniletea tete alilolikata mwenyewe, refu kuliko la njano. "Mwalimu, hili rangi gani?" Sijamjibu. Naomba wewe uliyecheka ndiwe utuchagulie.

Bintiyo mtiifu,
Sekela