Gazeti la Kufungia Maandazi

Mnyambe, Alhamisi jioni

Nilijua tu siku moja atakuja. Mama Zuhura, muuza maandazi, leo kanifuata ofisini mbele ya mwalimu mkuu, yuleyule aliyeninyang'anya juzi magazeti ninayofundishia kusoma. Eti magazeti ya watu binafsi si vitabu vya serikali.

“Mwalimu, mtoto umeniharibia! Hafungi andazi mpaka amalize kusoma gazeti. Wateja wanaondoka!”

Mkuu akatabasamu. Mimi sikuogopa. Mwaka jana Zuhura hakuweza kusoma hata jina lake.

Kisha mama akashusha sauti. “Lakini yule mjane wa Masasi aliyenyang'anywa mikorosho na shemeji zake, kesi alishinda? Kipande chenye mwisho wa habari tulimfungia mteja maandazi.”

“Alishinda,” akajibu mwalimu mkuu, kabla sijafungua mdomo.

Kesho asubuhi nakwenda kudai magazeti yangu.