Foleni ya Fasta na Baba Mkwe Wangu

Jumamosi, jioni.

Jua limetuchoma kutwa nzima, vumbi limenijaa masikioni, miguu imevimba, na sijawahi kuwa na raha kama niliyo nayo sasa hivi. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nje ya jikoni, simu mkononi, chai pembeni. Watoto wamekwisha kuoga. Acha niandike kabla sijasahau hata kipande kimoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Ghati, mke wa Mwita, mama wa watoto watatu. Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Tangu rashi ya dhahabu, yaani mbio za kuikimbilia, ianze kwenye maduara mapya, kijiji chetu cha Kewanja kimejaa watu wa Geita, Shinyanga, Singida, na wengine wa huko ambako ukiniambia nionyeshe kwenye ramani nitakudanganya. Duara ni shimo la kuchimbia, na shimo likitema dhahabu huvuta kila kitu: vitanda vya kukodi, chipsi, wahubiri, waganga. Mwezi uliopita likavuta na bustani ya michezo.

Ndiyo. Bustani ya michezo, Kewanja.

Mwenye nayo ni Mama Zuhura, mfanyabiashara wa Tarime ambaye asili yake ni Pangani, mwanamke anayeongea polepole na kufikiri haraka. Ana bembea za watoto, ana vigari vya kugongana, na ana gurudumu kubwa lenye vikapu vya kukalia, ambalo watu wa hapa wamelibatiza Baiskeli. Kikapu kimoja ni watu wawili. Ukipanda peke yako kinainama upande mmoja, kwa hiyo hairuhusiwi.

Mimi kilichonichanganya akili ni bangili.

Kila anayeingia anavalishwa bangili ya plastiki yenye kidude ndani. Ukichagua foleni ya kawaida, unasimama na jua lako. Ukitaka foleni ya Fasta, unalipia kwa simu, unakwenda zako kula mahindi ya kuchoma, na zamu yako ikikaribia simu inalia, geti la pembeni linakufungukia, unawapita wote. Anayeshika kishikwambi cha kuendesha mambo hayo ni mimi. Kwenye kioo chake kila mgeni ni kidoa chenye jina, na kidoa kinatembea anapotembea.

Nikiri kitu. Naipenda kazi hii kuliko inavyopasa. Napenda kumwona mchimbaji mwenye buti za matope akimpita ofisa aliyezoea kupishwa njia. Sipendi kuwaona akina mama waliotoka Ringwani na watoto mgongoni wakipitwa na watu waliofika sasa hivi, na nikiwaona huwa natazama pembeni, jambo ambalo sijivunii. Halafu nachungulia vidoa. Wiki hii nimejua nani anakutana na nani nyuma ya kibanda cha soda. Sitamwambia mtu, ingawa ulimi unaniwasha.

Jumatatu mitambo inang'olewa kuhamishiwa mji wa Mugumu. Mama Zuhura anataka niende nayo, niwe msimamizi wa Fasta kwa miezi miwili, kisha tuone. Naitaka kazi hii. Naitaka mpaka nakosa hamu ya kula. Mwita amekubali, na dada yake atakaa na watoto siku ambazo sipo. Alibaki mtu mmoja wa kuridhia.

Baba mkwe.

Sisi Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Miaka kumi na moja nimeolewa kwenye boma la Mzee Matiko, sijawahi kumpa mkono, sijawahi kukaa naye kiti kimoja wala kula naye. Akija upande wa jikoni, mimi natoka. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali, macho chini, naye ananiitikia akiwatazama ng'ombe. Zamani neno langu lilimfikia kupitia kwa mama mkwe. Tangu mama afariki linapita kwa Mwita. Mwita alimfikishia habari ya Mugumu Jumanne, na mzee akasema atafikiri. Mzee wangu anaweza kufikiri kuanzia kupanda mpaka kuvuna.

Na Mama Zuhura alitaka jibu kesho.

Sasa, leo kama saa nane mchana nikaona kwenye kioo kidoa kimeandikwa MATIKO. Nikashtuka, maana nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuangalia ndama wa kununua. Kidoa kikaenda mkiani mwa foleni ya Baiskeli. Kikasimama. Kikachomoka, kikajificha upande wa bembea. Kikarudi. Kikachomoka tena. Nilipoinua macho nikaelewa: kila akija mtu anayemfahamu, mzee anajitoa kwenye foleni na kujifanya anatazama watoto wanavyocheza.

Mzee alitaka kupanda Baiskeli, na alikuwa anaona haya.

Nilicheka peke yangu mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikamwonea huruma, huruma ya kweli. Mtu mzima amechunga, amelima, amezika mke, na anachokitaka mchana wa leo ni kuzungushwa hewani mara tano bila jirani kumwona.

Kila mfanyakazi amepewa ruhusa ya kumpa ndugu yake zamu moja ya Fasta. Ya kwangu nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya Mwita. Nikaibonyeza kwa jina la mzee. Uzuri wa simu ni huo: mimi simsogelei, yeye hanitazami, na ujumbe unafika. Nilimwona kwa mbali akiipeleka simu mbele mpaka mkono ukaisha, akisoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaja. Geti likamfungukia. Akavua kofia, akaingia kwenye kikapu, akakaa wima na fimbo yake katikati ya magoti.

Nilifurahi mno. Nikajiona mjanja.

Nilichosahau ni nani anafuata. Mfumo wenyewe haumjui mtu, unajua namba tu: kiti cha pili kikiwa wazi, unamwita aliye nyuma. Na waliokuwa nyuma kwenye Fasta walikuwa kikundi cha akina mama wa ukoo wetu, waliolipiwa wote kwa simu moja ili wapande mfululizo. Wote wameolewa kwa akina Matiko. Kwa hesabu ya kwetu, kila mmoja wao ni mkwe wa mzee kama nilivyo mimi.

"Mama, panda, kikapu kinakungoja," Mudi akamwambia wa kwanza. Mudi ni fundi wa Baiskeli, mtu wa Tanga, mpole, na kuhusu ukwe wa Kikurya hajui lolote.

Mama yule akaona aliyekaa ndani. Akafunika mdomo kwa kanga, akarudi nyuma.

"Siwezi. Huyo ni mkwe wangu."

"Haya, wewe wa pili."

"Hata mimi. Mkwe."

"Wewe je?"

"Mkwe."

Mudi akaendelea kunyoosha kidole mpaka mwisho wa mstari, na kila kidole kilipomfikia mtu, mtu alirudi nyuma. "Jamani," akasema, "huyu mzee ana watoto wangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Wachimbaji wakaanza kupiga kelele kwamba wamelipia, hii ni Fasta gani imesimama. Waliokuwa juu kwenye vikapu wakauliza kama tumewasahau. Kwenye kioo changu mstari wa Fasta ukageuka mwekundu wote, na Mama Zuhura akatoka ofisini akifunga ushungi vizuri, dalili kwamba anakuja kuuliza maswali.

Mzee Matiko aliinamisha kichwa. Aliitazama fimbo yake. Nilimwona Mudi akijikuna kichwa, akimwinamia, na nikajua anachotaka kumwambia: mzee, shuka kidogo.

 Akishuka mbele ya wakwe zake wote na nusu ya kijiji, hatasahau. Na hatasahau kwamba kilichomwita na kumshusha ni mashine ya hiyohiyo kazi ninayoiombea ruhusa. Mugumu yangu yote ilikuwa imekaa kwenye kile kikapu. Na kwenda pale kumtetea siwezi, kwa sababu nami ni mkwe, tena wa ndani ya boma lake.

"Mudi, usimshushe!" nikapiga kelele kutoka nilipokuwa. "Nipe dakika mbili!"

Nikashika kishikwambi kwa mikono miwili. Nani anaweza kukaa na mzee wa Kikurya goti kwa goti, bila aibu, bila adabu nyingi? Mtu wa rika lake. Waliotahiriwa msimu mmoja hawaoneani haya maisha yao yote. Hutukanana wanavyotaka na hakuna anayekasirika. Nikateremsha majina upesi. Wambura, hapana, yule kijana. Huyu naye mwanamke. Nchagwa.

Mzee Nchagwa! Kidoa chake kilikuwa kimetulia kwenye nyama choma.

Nilikimbia. Mimi, mama wa watoto watatu, na kitambulisho cha kazi kinanipiga shingoni. Nikamkuta anatafuna mbavu. Nikamwamkia haraka haraka, nikamwambia mwenzake wa rika amekwama kwenye Baiskeli, hana mtu wa kukaa naye.

"Matiko?" akauliza. "Kwenye ile Baiskeli?" Akafunga nyama yake kwenye karatasi, akainuka. "Hili siwezi kusimuliwa. Twende."

Alipoingia kikapuni alimsukuma mzee kwa bega. "Sogea! Umekaa kama bibi harusi." Baba mkwe wangu akamjibu kwa Kikurya neno ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu watoto wangu wanasoma ukurasa huu. Mudi akafunga mnyororo, Baiskeli ikaguna, wakapaa.

Wale akina mama walipiga vigelegele. Na wao ndio walikuwa wamemkimbia!

Mzunguko wa kwanza nilisikia Baiskeli tu ikiguna. Wa pili nikasikia kicheko ambacho sijakisikia nyumbani tangu mama mkwe atutoke. Wa tatu sauti ya mzee ikashuka kwetu wote: "Nawaona ng'ombe wangu! Nchagwa, wameingia kwenye mahindi ya mtu!" Mzunguko wa tano ulipokwisha hawakutaka kushuka, na Mudi aliwaongeza mmoja, akisingizia breki.

Mama Zuhura akaja kusimama karibu yangu. Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Kisha nikamwomba kibali cha kurekebisha mfumo, akanipa, na Mudi akanionyesha mahali pa kuongeza swali kwenye fomu ya kuvalisha bangili: Kuna mtu usiyeweza kukaa naye? Nikaingiza majina ya kikundi kizima na ya mzee, mfumo ukawatenganisha, mstari ukarudi kijani. Mama Zuhura aliutazama kwa muda.

"Walioniuzia mfumo huu ni wasomi watupu," akasema, "na hakuna aliyewaza swali hilo. Mugumu kuna Waikoma na Wanata. Mila zao utazijuaje?"

"Nitawauliza," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akaondoka. Nilitamani kurukaruka, lakini nilikuwa bado sina ruhusa ya nyumbani, na furaha ya nusu inasumbua kuliko huzuni.

Nilidhani mzee ataondoka moja kwa moja. Hakuondoka. Alimsindikiza Nchagwa mpaka kwenye nyama, akarudi peke yake, akaja pale Mudi alipokuwa anapaka grisi. Mimi nilikuwa hatua kama kumi kutoka hapo. Akanipa mgongo, kama inavyotakiwa, nami nikainamisha macho, kama inavyotakiwa. Kisha akaanza kuongea na Mudi kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kijiji cha Busawe.

"Wewe mura," akamwita, yaani kijana, "nani alinitumia ule ujumbe?"

Mudi akanitazama. Nikaitazama ardhi.

"Mashine, mzee," akasema Mudi.

"Mashine." Mzee akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Mashine ndiyo iliyojua niko kule kwenye bembea?"

Hapo nikajua nimekamatwa. Mudi akarudia grisi yake, na mimi nikaapa moyoni kwamba vidoa vya watu sitavichungulia tena kwa udaku. Kwa kazi, sawa. Kwa udaku, basi.

"Si kitu," mzee akasema. "Mwambie bosi wako nitakuja Mugumu kupanda tena. Na huyo anayeishika mashine aende nayo. Mwingine atanikalisha na wakwe zangu."

Akavaa kofia yake, akaondoka kuelekea nyumbani, taratibu, akipitia upande wa mahindi walikoingia ng'ombe. Mudi wa watu akanigeukia kwa heshima zote: "Dada Ghati, mzee anasema kwamba—"

"Nimesikia, Mudi," nikamwambia. "Nimesikia kila neno."

Jibu la kesho nimeshampa Mama Zuhura leo.