Kusimama Bila Kushika

Chimwaga, Dodoma
14 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza kuuma. Baba mdogo Lameck hajambo? Wenzako mnaokausha samaki pamoja hapo Mtera, wasalimie kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Mimi nipo, nasoma, ila nimechoka, mama. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila ukipokea najikuta nakuuliza habari za mvua.

Bado ninacheza baleti, ile unayoiita ngoma ya kutembelea vidole. Jioni nikitoka darasani nakwenda Kizota, kwenye ukumbi ulio nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Ukutani palikuwa na bomba la chuma la kushikilia tunapopanda kwenye ncha za viatu. Mwenye ukumbi alipokarabati ukuta aliling'oa, na Mwalimu Ruthu, anayetufundisha, akakataza lisirudishwe. Alisema jukwaani hakuna ukuta, na sisi si wanagenzi tena.

Basi tukahamia katikati ya sakafu. Alitufundisha kupanda kwa miguu yote miwili kwanza, taratibu, tumbo limevutwa ndani, nyonga ziwe juu ya vifundo, kisha mguu mmoja uachie. Kushuka nako kuwe kwa taratibu, si kuanguka kama gunia. Anifa, mwenzangu wa Kizota, aliweza mapema. Mimi nilikuwa nayumba na kujikwaa. Nikazidisha mazoezi hadi kucha zikawa nyeusi. Asubuhi nilikuwa nashuka ngazi za bweni nikiwa nimeshika ukuta. Nilijiona mvivu, mama, nikajichapa kwa mazoezi zaidi.

Siku moja mwalimu alitwambia tusimame kwenye ncha na kufumba macho. Wenzangu waliyumba huku na huku. Mimi nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Mwalimu Ruthu akasimamisha muziki. Akaniambia, "Loisi, unaangukia kushoto kila mara. Huo si uvivu." Akaniuliza kama sikio linavuma. Nikamjibu kwamba linavuma kama mashine ya kusaga tangu ile homa ya mwaka jana, nami nilidhani litaacha lenyewe. Kesho yake alifunga ukumbi akanipeleka hospitali mwenyewe.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba ndani ya sikio ndimo mwili unamopatia mizani ya kusimama, na kwamba upande wangu wa kushoto umeharibika. Bomba lilikuwa linanibeba bila mimi kujua. Nilimwuliza kama nitapona. Akasema dawa haipo, ila macho na nyayo zinaweza kufundishwa kuziba pengo, pole pole.

Nilitaka kuacha. Mwalimu hakunibembeleza, alisema uamuzi ni wangu, na kwamba ukumbi upo. Nilikaa bwenini wiki nzima nikilala tu. Kisha nikarudi, kwa sababu kutembea nitatembea siku zote, na pale ndipo panaponifundisha kutembea. Sasa nachagua alama moja ukutani, naikazia macho, ndipo ninapopanda.

Jumamosi tuliwaonyesha wazazi na majirani. Nilipanda peke yangu katikati ya sakafu, nikayumba, nikashusha mguu mbele za watu, nikapanda tena. Hiyo ya pili nilisimama. Watu walipiga makofi, na hapo ndipo nilipojua jambo nililoogopa kukuandikia tangu mwanzo wa barua hii: makofi yalitoka upande mmoja tu. Sikio la kushoto halisikii tena, mama. Limezima.

Nitakuja Krismasi. Ukiniita nami nisigeuke, usidhani chuo kimenitia kiburi. Zunguka upande wa kulia, uniite tena.

Nisalimie wote wanaoniulizia, nawe ulale salama.

Mwanao akupendaye,
Loisi